Kamba ya Godoro

Juzi nilipokuwa nikipanga vitu vya marehemu mama, chini kabisa ya sanduku lake la kanga nilikuta kamba. Ni kamba ya katani ya kawaida, zamani ilikuwa nyeupe na sasa ina rangi ya chai ya maziwa, imekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi mwekundu. Binamu zangu waliokuja kunisaidia walitaka kuitupa pamoja na makaratasi ya dawa. Nikawaambia atakayeitupa aanze kwa kunitupa mimi. Walitazamana, wakadhani ni msiba unaonisemea. Niliipeleka puani, na chini ya harufu ya karafuu na dawa ya nondo nikaipata harufu ya udongo mwekundu uliolowa juu ya simiti. Au labda niliipata kwa sababu niliitafuta.

Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Siku hizi mtu akipanga nyumba hupewa karatasi, akaandika bomba linavuja na kioo kimepasuka, kisha kila mmoja akatia sahihi. Enzi zile ulipewa funguo ukaambiwa karibu. Ulichokikuta ndani kilikuwa shauri yako na Mungu wako. Mamangu hakukubali kwamba ni shauri yake, na wala sitaki kusikia mtu akimwita mkaidi kwa hilo, maana wengi waliomwita hivyo walikuja baadaye kulala katika nyumba aliyoipigania.

Tulikuwa tukiishi chumba cha juu kando ya River Road, karibu na kiwanda kidogo cha kupiga chapa alikofanya kazi baba. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi za risasi, moja moja, zikiwa zimegeuzwa, na alikuwa na macho ya kuona nukta iliyokosekana katika ukurasa mzima. Basi mwenye jumba akataka kukigeuza chumba chetu kuwa gesti, tukapewa siku za kuhama. Baba akasikia kuna nyumba Kabiria, kule pembezoni mwa mji. Akaenda kuitazama baada ya kazi, jua limeshazama, akawasha kiberiti, akainama kuangalia chini. Alirudi amefurahi sana. Alituambia nyumba ina simiti, si ya udongo kama nyingine za huko, na kodi ya mwezi ameshalipa. Mtu yule wa kuona nukta hakuinua kiberiti kuangalia kitu kingine chochote.

Tulihama Jumamosi. Mizigo ilipanda juu ya basi mpaka Kawangware, na kutoka hapo tukakodi mkokoteni: masanduku mawili, vyombo vya jikoni, na godoro la sufi la mama lililokunjwa na kufungwa kwa kamba hii ninayoisema. Lilikuwa godoro la harusi yake, alikuja nalo kutoka Mombasa kwa gari moshi. Mama alimbeba mdogo wangu Bakari, hata kutambaa hajaweza, na mkono wa pili alishika kopo la ubani. Kwetu watu wa Pwani, nyumba mpya haianzwi kwa meza wala kitanda. Unaingia kwa mguu wa kulia na jina la Mungu, unachoma ubani, pembe zote zikapata moshi, ndipo vitu vinafuata.

Mimi nilikuwa mtoto wa meno ya mbele kung'oka, na sikuwa na subira ya ubani. Wakati wakubwa wanashusha mizigo, nilipenya ndani. Niwaambie ukweli, niliipenda nyumba ile palepale. Mabati yalikuwa na matundu, na jua lilipita likatia vitone sakafuni kote. Sakafu yenyewe ilikuwa na mteremko mpaka kwenye tundu dogo ukutani, nikaona hapa gololi zitakwenda zenyewe. Mbao za ukuta zilikuwa chafu juu, lakini chini, mpaka usawa wa kifua changu, zilikuwa zimesuguliwa laini zikang'aa. Na pembeni mwa chumba kulikuwa na birika refu la simiti, fupi kwa kimo, limejaa maji ya mvua iliyopita matunduni. Nikaelewa kila kitu. Nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya watoto. Kuta zimelainishwa pale ambapo mabega ya watoto hugusa, na lile birika ni la kuogea sisi, wakubwa hawaenei. Nikavua viatu, nikaingia birikani na gauni langu la safari, nikajilaza.

Mama aliingia kwa mguu wa kulia. Akasema bismillahi. Alipita pembezoni mwa ukuta taratibu, akasimama, akachomoa kitu katikati ya mbao mbili. Ulikuwa unywele mweupe, mgumu, unasimama wenyewe kidoleni. Baba naye aliingia, akasema labda walikuwa ng'ombe. Mama akamjibu kwamba ng'ombe hana nywele za brashi. Kabla baba hajapata jibu la pili, nyuma ya miti ya miwati upande wa chini wa kiwanja, nguruwe akajibu mwenyewe. Mama ndipo aliponiona mimi nimelala ndani ya birika, hori lao la kulishia.

Sikuwahi kuoshwa vile kabla wala baada. Alinitoa kwa mkono mmoja, akanipeleka uani, akanivua gauni. Alinimwagia maji tuliyokuja nayo kwenye galani, kata moja moja, mara saba, na mojawapo alinisugua kwa udongo aliouchota ukingoni mwa njia, kichwani mpaka unyayoni, kama anasugua sufuria. Ndivyo dini yetu ilivyotufunza: kilichoguswa na nguruwe kikiwa na majimaji, kioshwe mara saba, moja kwa udongo safi. Mimi sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nimeipenda nyumba, na kwa kuipenda nimeadhibiwa.

Kisha akamgeukia baba. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Godoro langu halivuki kizingiti hiki," alisema. "Likivuka, tumekubali. Kamrudishe mwenye mkokoteni kabla hajafika mbali."

Baba akauliza turudi wapi, na kile chumba kimeshapata watu. Mama akamwambia akamwite tu. Baba akaenda, mabega chini, akipita katikati ya mahindi ya watu kwa njia ya mkato.

Mama akakaa juu ya godoro lake lililofungwa, katikati ya uwanja, Bakari mapajani, buibui mwilini. Nililitazama lile buibui nikakumbuka kitu. Pale River Road tulikuwa na jirani, mwanamke wa Malindi, ambaye siku moja nilimkuta amekaa hivyo hivyo juu ya mzigo wake, buibui mwilini, anangoja mkokoteni. Hakurudi tena. Mwanawe, niliyekuwa nikicheza naye, alibaki na shangazi asiyemchana nywele. Mimi sikuwa na habari kwamba mwanamke wa Pwani akikaa uwanjani mbele ya macho ya wapita njia hawezi kuvua buibui lake. Nilichojua ni kwamba mama akiwa nyumbani huvua, na akiwa safarini huvaa. Alikuwa safarini. Alikuwa anatuacha.

Wakati wa alasiri alinyanyuka, akamfunga Bakari mgongoni, akavuka njia kwenda kuswali kwenye nyasi nyuma ya ua wa michongoma. Aliniagiza nichunge vitu. Nilimwangalia mpaka akapotea. Nikajiambia, mtu hawezi kusafiri na godoro ambalo halifungiki. Nikang'ang'ana na fundo kwa vidole na kwa meno niliyobaki nayo mpaka likaachia. Godoro likafumuka lenyewe. Nikalishika pembe, nikalivuta kinyumenyume, likakwama kizingitini, nikapita nyuma nikalisukuma kwa magoti, likaingia. Nikalilaza juu ya sehemu kavu kabisa ya sakafu. Kisha ile kamba nikaitumbukiza ndani ya hori, mahali ambapo nilijua mama hatatia mkono wake, nikaifunika kwa kipande cha gunia. Niliona nimefanya kazi ya akili sana.

Nilipotoka nje, uwanjani alikuwa amesimama mwanamke mmoja mrefu, kiondo kinaning'inia mgongoni kwa ukanda wa paji la uso, na kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Huyo ndiye Mama Gathoni, mwenye kiwanja na nyumba, anatoka sokoni. Mama naye alikuwa anavuka njia kurudi. Wakakutana mbele ya mlango.

"Karibu, Mama Mombasa," alisema Mama Gathoni. "Naona umeshaingia."

"Sijaingia."

"Kitanda yako iko ndani. Hapa kwetu mtu akiingiza kitanda, huyo ameingia."

Mama akachungulia, akaliona godoro lake. Halafu akaniangalia mimi, akaniangalia magoti yangu yaliyojaa vumbi. Nilingoja aseme ni mtoto huyu, hana akili. Angesema hivyo, mambo yangekwisha palepale. Hakunitaja. Alivuta pumzi, akamuuliza Mama Gathoni inakuwaje mtu apangishe Waislamu zizi la nguruwe.

Mama Gathoni hakuona haya hata kidogo, na leo namheshimu kwa hilo. Alitua kiondo chake, akasimama sawasawa. Alisema nguruwe aliwahamisha tangu masika, akafagia, akaweka mlango. Bwana wa chapa alikuja mwenyewe kuangalia na hakuuliza kitu.

"Na hawa nguruwe wamesomesha watoto yangu wanne," alisema. "Mimi sina mzee, bwana yangu alikufa. Sina mtu. Siwezi kuomba mtu msamaha kwa sababu ya nguruwe."

Mama akamwambia hataki msamaha, anataka mambo matatu. Hori livunjwe, mabati yazibwe, na yapatikane maji ya kutosha kuosha sakafu kama dini inavyotaka. Mama Gathoni alicheka kidogo. Hori lile lilikula mifuko miwili ya simiti na wapangaji wengine wangefurahi kufulia nguo humo. Maji yalikuwa kwenye tangi lake, na tangi lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni mwake kwa uzi. Akakiinua kiondo, akaenda zake nyumbani kwake, hatua ishirini tu ng'ambo ya uwanja.

Hapo ndipo mamangu alipofanya jambo ambalo mpaka leo, nikilikumbuka jikoni peke yangu, huwa nacheka. Alichukua sufuria yake moja. Akachukua kopo la ubani. Akanishika mkono, Bakari mgongoni, akavuka uwanja mpaka mlango wa Mama Gathoni, akapiga hodi.

"Karibu," akajibu Mama Gathoni kutoka ndani, kwa mazoea, kama kila mtu anavyojibu hodi.

Mama akaingia kwa mguu wa kulia, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. "Ahsante," alisema. "Nimekuja kwako mgeni. Nyumba yako ile nyingine haijawa tayari."

Mama Gathoni alibaki na kijiko hewani. Neno karibu limeshamtoka, na mgeni ana mtoto mgongoni, na nje kunaingia baridi ya jioni. Mtu wa heshima angefanya nini? Alimimina chai. Baba alipofika na mwenye mkokoteni alikuta godoro liko ndani ya nyumba moja na mkewe yuko ndani ya nyumba nyingine anakunywa chai, wala hakuna aliyemweleza. Aliona dalili ni njema, akamwachia mwenye mkokoteni aende. Baada ya kuambiwa na mama kwamba ugeni huu ni wa wanawake, alirudi mjini kulala kwa rafiki yake wa kazini.

Tulikaa pale Jumamosi na Jumapili. Ulikuwa ugeni wa vita. Mama alipika kwa sufuria yake peke yake, kwa kuwa za Mama Gathoni zilijua mafuta ya nguruwe. Mama Gathoni akauliza ni mgeni gani anayekuja na sufuria. Mama akasema ni mgeni asiyetaka kusumbua. Viazi vitamu alivyotupa vilivyochomwa jivuni tulikula, na mama aliomba vingine, jambo ambalo lilimchanganya mwenyeji wetu, maana alitaka kututukana tukikataa. Jumapili alikwenda kanisani akatuacha nyumbani kwake peke yetu, saa yake ya ukutani na vikombe vyake vya maua vyote viko wazi. Mama akapika mahamri ya iliki. Mama Gathoni aliporudi alikula manne bila kusema ni matamu, akakunja mawili kwenye leso yake ya kanisa. Hakuna aliyetaja hori. Usiku nililala katikati ya mama na ukuta, na nilishika pindo la buibui lake lililoning'inia msumarini, ili akilichukua nijue.

Jumatatu asubuhi, tumekunywa uji, Mama Gathoni alitoka nyuma ya nyumba akarudi na jembe. Akaliegemeza kwenye kiti cha mama.

"Nyinyi watu wa Pwani mko na methali," alisema. "Mgeni siku mbili. Leo ni ya tatu."

Alitegemea mama aone aibu na kuondoka. Kila anayejua Kiswahili anajua methali ile, na anajua kwamba jembe huwa halitolewi kweli. Ni maneno ya kumpa mgeni njia ya kuaga. Mama alilishika mpini, akalipima uzito wake mkononi.

"Ahsante kwa kunipa kazi," alisema. "Nionyeshe mahali penye udongo ambao nguruwe wako hawajawahi kuukanyaga."

Mama Gathoni, nadhani kwa mshangao tu, akanyoosha kidole juu ya kiwanja, kwenye kitalu chake cha viazi kilichozungushiwa miti. Mama akapanda huko. Alichimba mpaka akapita udongo wa juu, akajaza debe, akalibeba kichwani. Mtu ambaye kwao hakuwahi kushika jembe. Viganja vyake vilitoka malengelenge kabla debe halijajaa nusu. Akaingia nyumba ile, akaondoa godoro langu, naliita langu kwa kuwa dhambi yake ilikuwa yangu, akaliangalia chini, akasema kikavu juu ya kikavu hakina neno, akaliweka nje juani. Kisha akamwaga udongo sakafuni, akatia maji kidogo yaliyobaki kwenye galani, akapiga magoti, akaanza kupaka.

Mama Gathoni alipochungulia mlangoni aliona mpangaji wake anaipaka matope ile simiti ambayo ndiyo fahari yake Kabiria nzima. Hapo alipandwa na hasira ya kweli. Aliingia na viatu vya shamba, akamwambia mama kwamba sasa ameonyesha ubaya wake, kwamba anaharibu nyumba ya mjane kwa makusudi, na akamkamata kifundo cha mkono. Walibaki hivyo, mmoja amesimama, mmoja amepiga magoti, mikono yote miwili myekundu. Mimi nilikuwa mlangoni na Bakari, na wote wawili tulikuwa tukilia.

"Si kuharibu," alisema mama. Alikuwa amechoka, na sauti ilimtetemeka kwa mara ya kwanza. "Ni kuosha. Ndivyo tunavyoosha sisi. Mara saba kwa maji, moja iwe na udongo. Mimi siwezi kuweka paji langu la uso chini mahali hapa bila hivyo. Nitaswali wapi? Watoto wangu wataswali wapi?"

Mama Gathoni hakuachia mkono. "Mara ngapi?" aliuliza.

"Saba."

Mama Gathoni alikuwa anatazama sakafu.

"Huko kanisani kwetu tunasoma habari ya mkubwa mmoja wa jeshi," alisema polepole. "Alikuwa na ugonjwa ya ngozi. Akaambiwa aoge mtoni mara saba. Akakasirika, akasema hii ni upuzi. Watu wake wakamwomba. Akaoga." Akaachia mkono wa mama. "Mara sita hakupona. Ile ya saba ndiyo alipona."

Akavuta uzi shingoni, akatoa ufunguo, akaenda kulifungua tangi.

Maji yalikuja kwa ndoo na kwa debe. Mama akisugua kwa ufagio wa makuti aliokuja nao, Mama Gathoni akimwaga, na mteremko ule nilioupenda ukayapeleka yote nje kupitia tundu la ukuta. Mama Gathoni alitoa mfukoni punje za mahindi, na kila mara iliyokwisha aliweka punje moja dirishani. Tulipomaliza mara moja, mama akasema nadhani hiyo ilikuwa ya saba, naona imetosha. Mama Gathoni akamwonyesha dirisha. Punje zilikuwa sita. Akasema yeye hapokei hesabu ya mtu aliyechoka, akarudi tangini. Sijawahi kuona Mkristo mkali wa sheria ya Kiislamu kama yule mama.

Kuhusu hori, kabla maji hayajaanza kumwagwa, mama hakusema neno. Mama Gathoni mwenyewe ndiye aliyesimama mbele yake muda mrefu, kisha akaenda akaja na nyundo nzito ya marehemu mumewe. Alilivunja peke yake, kipande kwa kipande, na hakutaka msaada, na kila akipiga alisema jina la mtoto wake mmoja aliyesomeshwa na lile hori. Kipande cha tatu kilipoachia, gunia likafunuka na kamba ikatokea, imelowa na kunuka. Akaiinua kwa ncha ya nyundo akauliza ni ya nani.

Mama aliitazama kamba, akanitazama mimi. Nilitamani lile tundu la maji linimeze.

"Ni yangu," alisema. "Ilianguka."

Akaiosha mara saba, moja kwa udongo. Kesho yake fundi akaja kuziba mabati kwa gharama ya Mama Gathoni, baba akarudi kutoka mjini akapaka chokaa kuta zote mpaka akawa mweupe nyusi, na magharibi mama akafungua kopo akachoma ubani. Mama Gathoni alisimama mlangoni akikohoa, akauliza moshi huu unafukuza nini. Mama akamjibu kwamba unafukuza wageni wanaozidisha siku tatu. Walicheka mpaka wakashikana. Ile kamba ikafungwa kutoka pembe ya nyumba mpaka kwenye mwati, ikawa ya kuanikia nguo, ikaanika nguo zetu mpaka siku niliyoolewa nikatoka pale.

Kwa miaka mingi niliyasimulia haya kama kichekesho cha ujinga wangu: mtoto aliyedhani hori ni la kuogea watoto na kwamba mama yake anamwacha kwa sababu tu hakuvua buibui. Nilishajieleza kila kitu. Mkokoteni aliuita ili kumtisha Mama Gathoni. Buibui lilikuwa la heshima. Mwaka huu, wiki chache kabla hajafariki, nikimkanda miguu, nilimwambia kwamba lile godoro niliingiza mimi.

"Najua," alisema. "Babako hayupo, Bakari hajatambaa. Aliingiza nani, nguruwe?"

Nikamwambia nilidhani anatuacha. Nilingoja acheke. Alifumba macho.

"Hukukosea," alisema. "Nilishakata shauri. Mimi na Bakari stesheni jioni ile, wewe ubaki na babako mpaka shule zifungwe."

Mikono yangu ilisimama miguuni kwake. Nilimuuliza, sauti yangu ikiwa ya yule mtoto, kwa nini basi hakwenda.

"Nilitoka kuswali nikamkuta yule mama mlangoni, ananiambia nimeshaingia. Ningelitoa lile godoro mbele yake, angesema amenifukuza." Akafumbua macho, na yalikuwa yaleyale ya siku ile uwanjani. "Mimi sifukuzwi, mwanangu. Hata mahali ninapotaka kutoka mwenyewe, sifukuzwi. Nikabaki. Na kila nikianika nguo nikaishika ile kamba, nilijua ni nani aliyenizuia."

Nilipotoka kwenye matanga nilirudi kwenye fleti yangu, ghorofa ya tatu, nikaifunga kamba ile barazani kutoka msumari mpaka msumari. Nimefua kanga zake zote na kuzianika. Leo asubuhi mlinzi wa jengo amepanda kunionyesha ilani iliyobandikwa ngazini: ni marufuku kuanika nguo barazani, zinaharibu sura ya jengo. Nikamwonyesha dari yangu inayovuja tangu nilipohamia, ambayo nayo ina sura. Nikamwambia kamba siitoi, na mwenye jengo akiona vibaya aje mwenyewe kuzungumza nami. Mlinzi amesema mwenye jengo atakuja mchana. Nimeweka chai jikoni, na jembe ninalo.